UZI: Eti wewe ni Mtanzania kwanza, au Muislamu/Mkristo kwanza?

#1 Mgosi wa Chumbageni (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.
Juzi nilialikwa kikao cha viongozi wa dini na vijana hapa Tanga mjini. Waandaaji siwataji. Mwezeshaji katoka Dar, akagawa vipande vya manila na makapeni, akasema kila mtu aandike: wewe ni nani kwanza, Mtanzania au muumini wa dini yako? Watu tukatazamana. Shehe mmoja mtu mzima akarudisha karatasi tupu. Mchungaji aliyekaa naye akacheka, akarudisha tupu vilevile. Sisi vijana tukaandika "Mtanzania" fasta, maana jibu lililokuwa linatafutwa lilionekana, na posho ilikuwa haijatoka 😂
Mabishano yenyewe yakaja kuanza kwenye chai. Hoja yangu ni hii: amani ya dini hapa Tanga haikuletwa na utaifa, wala na semina. Tumeipata kwa kuoana, kuzikana na kula sahani moja, na hayo yalikuwepo kabla ya bendera. Nani anabisha?

#2 Kisiki
Kabla sijabisha, posho ilikuwa ngapi?

#3 Mwalimu Mstaafu
Mleta mada, hoja tamu lakini imechechemea. Rwanda walioana, wakazikana, wakasali kanisa moja, na 1994 ikawa ilivyokuwa. Kuoana peke yake si kinga.
Sisi tulijengwa kwa makusudi. Mtoto wa Lushoto anapangiwa shule ya bweni Songea, wa Kigoma analetwa Tanga, wote wanaoga bomba moja saa kumi na moja alfajiri. Baadaye JKT. Kiswahili kila mahali. Na juu ya yote, kauli ya Nyerere kwamba serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini. Mpaka sensa iliacha kuuliza dini ya mtu, ya mwisho kuuliza ilikuwa 1978. Hayo yote yalipangwa na watu, hayakuota kama magugu.

#4 Kitukuu cha Magila
Shikamoo Mwalimu. Sensa ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967. Ya 1978 haikuuliza.
Kuhusu mada, mimi Mbondei wa Muheza, niseme ya kwetu. Wamisionari wa Kianglikana wako Magila tangu karne ya kumi na tisa. Babu mzaa baba alikuwa mwalimu wa kanisa. Mdogo wake, tumbo moja, akawa anaadhini msikiti wa kijijini. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Krismasi kwetu, baba mdogo wa Kiislamu alikuwa anakuja alfajiri na kisu chake kwenye gazeti, anachinja kuku wote uani, ananawa, anakunywa chai ya tangawizi na kuondoka kabla sisi hatujaenda ibadani. Mchana anarudi na familia nzima kula. Nimekua nikijua Krismasi bila baba mdogo haianzi. Hapo utaifa umeingilia wapi?

#5 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ya sensa tusisumbuane, hoja iko palepale kwamba iliacha kuuliza.

#6 Ustaadh Pembeni
Assalaam alaykum kwa wanaohusika, na habari kwa wengine.
Kitukuu, habari ya baba mdogo na kisu imenigusa, na mimi nimekulia humohumo. Lakini tusilifanye suala la kuchinja kuwa hadithi ya kulaza watoto. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, watu waligombana kwa sababu ya nani achinje nyama ya buchani, na mchungaji mmoja akauawa. Kisu kilekile, Tanzania ileile, wimbo wa taifa uleule.
Na Mwalimu, hiyo serikali isiyo na dini tuitazame vizuri. 1963 mahakama za kadhi Bara zikaondolewa. 1968 jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ikafungwa na BAKWATA ikaanzishwa. 1992 serikali ikatia saini makubaliano na makanisa kuhusu shule na hospitali zao. Kuna watu wamebeba amani hii kwa kunyamaza, na ukimnyamazisha mtu usiseme mmeelewana.

#7 Dada wa Bumbuli
Ustaadh, mimi ni muuguzi, nimefanya kazi hospitali za kanisa na za serikali. Chukua Muheza pale. Hospitali Teule ni ya Waanglikana, na jina lenyewe linakwambia kwamba serikali iliiteua kuwa ya wilaya. Sijawahi kuona mgonjwa anaulizwa dini ili apewe kitanda. Anayelazwa ni Mdigo, Mbondei, Msambaa, Mmakonde, kanzu na rozari wodi moja. Serikali isingetoa fedha, wa kwanza kuumia wangekuwa Waislamu wa vijijini kulekule.

#8 Ustaadh Pembeni
Dada, sijasema wanabagua wagonjwa. Nasema aliyesoma shule ya misheni mwaka 1950 ndiye aliyeshika ofisi mwaka 1965, na kuna mabinti walioikosa shule hiyo kwa kuwa baba alikataa wabatizwe. Unaweza kutibiwa vizuri na bado ukawa na dai.

#9 Dada wa Bumbuli
Hapo nakuelewa. Ila serikali ilizitaifisha hizo shule 1970, kanisa nalo lina manung'uniko yake kwa hilo. Kila mtu ana daftari lake la madeni.

#10 Wa Barabara ya Kumi na Mbili
Mnajichosha bure. Tanga kuna dini mbili tu, Coastal Union na African Sports. Siku ya mechi Mkwakwani shehe na padre wanakaa jukwaa moja wanamtukana refa mmoja. Wagosi wa Kaya oyeee 💪

#11 Kisiki
Wana Kimanumanu wa African Sports tupo, tunakusoma tu.

#12 Mkaazi wa Dunda
Natoka Bagamoyo, naomba kupita kwenye uzi wa watani.
Kwetu misheni ya Wakatoliki ilianza 1868, mji tayari ni wa Waislamu, misikiti iko Kaole tangu enzi za Washirazi. Mapadre wakafungua kijiji cha watumwa waliokombolewa. Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa pale na akina Chuma na Susi, ukalazwa kanisani kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Vita vya Abushiri, 1888 hadi 1889, mji unaungua, Abushiri mwenyewe hakuigusa misheni, na watu wakakimbilia humo bila kuulizwa shahada wala ubatizo.
Upande wa pili wa mji alikuwepo Sheikh Ramiya. Alitoka Manyema akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akanunuliwa na liwali Bagamoyo. Akafanya biashara, akasoma, akaja kuwa khalifa (kiongozi) wa tarika ya Kadiriya anayeheshimiwa pwani yote mpaka alipofariki 1931. Tazameni hapo: biashara ileile ya watumwa ilileta watu wasio na ukoo mjini. Mmoja akapata jina kwa padre, mwingine akalipata zawiyani, kwenye kituo cha tarika. Dini ilikuwa ndiyo uraia wao kabla hakujawa na uraia. TANU ilipofika ikakuta watu waliokwisha kuzoea kwamba mgeni anaweza kuwa mwenyeji. Kwa hiyo mimi sioni kwanza wala pili kwenye hiyo karatasi ya manila. Taifa lilipita njia iliyofyekwa na dini.

#13 Kitukuu cha Magila
#12 umenipa kitu. Hii ya Ramiya na kijiji cha misheni kuwekwa sahani moja sikuwahi kuifikiria.

#14 Ustaadh Pembeni
Mkaazi wa Dunda, ahsante kwa kumtaja Sheikh Ramiya, wengi hawamjui. Ila kijiji cha misheni usikipake asali. Watoto walikombolewa, kweli, kisha wakabatizwa na kupangiwa pa kuishi, pa kulima na wa kumuoa. Huo si wingi wa dini, ni dini moja yenye ukuta.

#15 Mkaazi wa Dunda
Na zawiya nayo haikuwa na mlango wake? Lakini zikri ilikuwa inapokea mtumwa na mwungwana kwenye halaka moja, hilo mabwana wa mji halikuwafurahisha hata kidogo.

#16 Mtoto wa Kambi
Nyote mmesahau mkonge. Dk. Hindorf aliuleta Tanga 1893, na baada ya hapo mashamba yakaita watu kutoka kila pembe: Waha, Wamakonde, Wanyamwezi, Warundi, Wabena. Manamba, yaani vibarua wa mkataba. Baba yangu alikuja hivyo. Kambini nyumba zilipangwa mstari, jirani yako hukumchagua. Baba Mkatoliki, kulia kwetu Mmakonde wa sindimba na mizimu yake, kushoto Mnyamwezi aliyesilimu alipofika Tanga ili apate watu wa kumzika. Nasema hivyo kwa sababu alikuwa anasema mwenyewe bila aibu: "Hapa bila jamaa wa msikitini utazikwa na nyapara."
Kilichotuunganisha ni kipande, ile kadi ya siku za kazi. Wote mlikuwa mnasubiri kipande kijazwe mlipwe, na wote mlikuwa mnamchukia msimamizi mmoja. Mkiitafuta amani ya Tanga msiitafute msikitini wala kanisani, nendeni korona, kiwandani, mkaone watu wanavyosinga mkonge.

#17 Mwalimu Mstaafu
Mtoto wa Kambi umeongea vizuri, lakini unazidi kunisaidia. Manamba walikuwa makabila na dini tofauti wenye adui mmoja. Waliowafanya wawe raia badala ya manamba ni TANU na chama cha wafanyakazi.

#18 Mtoto wa Kambi
Mwalimu na wewe kila njia inaishia TANU 😂

#19 Mama Nuru
Samahani nimechelewa, nilikuwa nasoma tu. Mimi ni Muanglikana, mume wangu Muislamu, tunaishi Makorora. Watoto wana majina ya Kiislamu, wanaenda madrasa, na mimi Jumapili naenda kanisani kwangu. Wageni wanatuuliza mnawezaje. Tunaweza.
Ila mnaposema kuzikana ndiyo dawa, nataka niwaambie ya shemeji yangu. Alibatizwa ukubwani, wengi wa ukoo hawakupenda. Alipofariki, wajomba zake walifika mochwari na sanda, ubani na pamba. Dakika chache wazee wa kanisa wakaingia na jeneza kwenye pikapu. Tukasimama pale barazani, jua linapanda, kila upande unasema "huyu ni wetu". Mtu wa mochwari akafunga mlango akasema atatoa mwili kwa karatasi moja, si mbili. Mjane hana sauti, analia tu. Wakapigiana simu wakubwa kwa wakubwa mpaka adhuhuri.
Aliyemaliza ni shangazi yao, bibi wa Pangani asiyejua kusoma. Aliuliza: mwezi uliopita alikuwa anasali wapi? Kimya. Basi akazikwa na kanisa. Wajomba walichimba kaburi wao, wakakataa vijana wa kanisa wasishike jembe, wakasema huyu ni mtoto wetu hata kama kapotea. Wakati wa ibada walikaa nje ya ua chini ya mwembe. Jioni wakasoma dua yao nyumbani kwa bibi.
Mnaweza kuona ni amani. Lakini mjomba mmoja mpaka leo hajakanyaga kwa yule mjane, na watoto hawajui kwa nini.

#20 Kitukuu cha Magila
Pole sana mama. Hii imezidi nadharia zetu zote humu.

#21 Mgosi wa Chumbageni
Pole mama. Lakini ona, aliyeokoa si kamati ya amani ya wilaya, ni shangazi. Hoja yangu inasimama.

#22 Ustaadh Pembeni
Inasimama kwa mguu mmoja. Shangazi alipata nafasi ya kuamua kwa sababu pande zote zilijua kuna polisi na kuna sheria nje ya geti. Na swali lake lilikuwa la kidini, aliuliza marehemu alisali wapi. Hakuuliza Utanzania wake. Mama Nuru, Mungu awape subira. Wajomba kuchimba kaburi ni jambo kubwa, mwambie mjane alijue hilo.

#23 Wa Mikanjuni
Swali la pembeni. Kwenye hicho kikao aliitwa Mhindu? Bohora? Singasinga? Hapa mjini wapo tangu reli inajengwa, hekalu la Wahindu watu wanalipita kila siku wanaenda sokoni. Na wale wanaopeleka ubani na kitambaa cheupe mapango ya Amboni, nani anawawakilisha? Au dini Tanzania ni mbili, waliobaki ni watalii?

#24 Mgosi wa Chumbageni
Hakuwepo hata mmoja. Kwenye meza kulikuwa na kibao cha "Waislamu" na cha "Wakristo" basi.

#25 Kisiki
Wanaoenda Amboni na ubani ndio haohao waliokaa nyuma ya vibao viwili 🤫

#26 Msabato wa Kange
Kisiki 😂😂
Na mimi niongezee kibao. Chuo nilichosoma kiliweka mtihani Jumamosi asubuhi. Tukaandika barua, tukajibiwa kwamba nchi haina dini, ratiba ni ya wote. Jumapili hakuna mtihani, lakini. Ijumaa saa saba kuna mapumziko, lakini. Serikali isiyo na dini inajua siku mbili za dini, ya tatu haijui. Nilirudia somo mwaka uliofuata. Nikisimama "Mungu ibariki Tanzania" naimba kwa moyo wote, ila usinipe karatasi ya manila siku ile ya matokeo.

#27 Mwalimu Mstaafu
Pole kijana. Hilo ni kosa la watendaji wa chuo, si la Katiba. Ibara ya 19 inakupa uhuru wa kuabudu na Ibara ya 3 inasema Jamhuri haina dini. Haikusema mtu asisikilizwe.

#28 Msabato wa Kange
Mwalimu, Katiba haikuwa zamu siku ile.

#29 Wakili wa Njiani
Mimi niangalie upande ambao mabishano hufika mahakamani. Kuishi pamoja kunavumilika, kurithi ndiyo kazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu watu wa dini tofauti kufunga ndoa ya kiserikali, vizuri kabisa. Mmoja akifa, tunarudi kwenye njia tatu: sheria ya Kiislamu, ya kimila, na ile sheria ya mirathi tuliyorithi kutoka India ya mwaka 1865. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi, alisali wapi, alizikwa vipi. Nimeona familia iliyokula pamoja miaka yote inaletana ushahidi wa nani aliswali Ijumaa. Hapo ndipo unajua kama undugu ulikuwa undugu au ulikuwa pilau.
Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: amani yenu ya kuoana inakopa, na deni linakuja kudaiwa msibani.

#30 Mgosi wa Chumbageni
Wakili umeniuma. Lakini hizo kesi ni chache kuliko misiba inayoisha salama.

#31 Wakili wa Njiani
Zinazofika kwangu ndizo nazoziona, kweli. Zinazoisha na kinyongo sebuleni haziniletei ada.

#32 Wa Barabara ya Kumi na Mbili
Wakili kasikitika kukosa ada 😂

#33 Mama Nuru
Wakili na Ustaadh, nisaidieni basi kwa faida. Mume wangu yupo hai, Alhamdulillahi na Bwana asifiwe. Akitangulia yeye, mimi Mkristo napata nini?

#34 Ustaadh Pembeni
Mama, kwa mirathi ya Kiislamu asiye Muislamu hamrithi Muislamu, na Muislamu hamrithi asiye Muislamu, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Lakini mlango upo. Mumeo anaweza kukuandikia wasia, usizidi theluthi ya mali yake baada ya kulipa madeni. Kwa kuwa wewe si mrithi, hukatazwi wasia. Anaweza pia kukupa hiba akiwa hai, ukaipokea na kuishika. Mwambie afanye sasa, asingoje kitandani. Na shehe anayekataa kumwandikia wasia wa hivyo, aje kwangu.

#35 Wakili wa Njiani
Naafiki Ustaadh, tarehe hii iandikwe. Naongeza: wasia uandikwe, mashahidi wawepo, nakala isikae kabatini peke yake. Halafu tofautisheni urithi na mali mliyochuma pamoja kwenye ndoa. Ulichochangia kupata si urithi, ni chako, dini yoyote. Tunza risiti za mabati na saruji.

#36 Mama Nuru
Nimewaelewa, ahsanteni. Na kama kiwanja kiko kwa majina yetu wote wawili?

#37 Wakili wa Njiani
Inategemea hati inasomekaje, mnamiliki kwa pamoja au kwa hisa. Piga picha ukurasa wa kwanza, ficha majina na namba, nitumie faragha.

#38 Mtoto wa Kambi
Na sisi wa nyumba za kambi ambazo shamba limebinafsishwa hati hatuna, tunarithishana nini?

#39 Wakili wa Njiani
Hiyo fungua uzi wake, nitakuja.